Daftari Langu la Ubashiri

Msomaji wangu, katika sanduku ninamoweka vyeti vyangu vya ualimu limo daftari moja la mistari, jalada lake la samawati limechakaa pembeni. Mtu akilifunua atadhani ni la hesabu za duka, kwa kuwa kurasa zake zimejaa majina upande wa kushoto na tarakimu upande wa kulia. Majina hayo ni ya miji ya mbali: Atlanta, Milwaukee, Philadelphia, Toronto. Tarakimu ni ubashiri wangu. Kila mwaka mwezi wa Oktoba ukaribiapo, kabla ya kuchezwa mechi ya kwanza ya mchujo wa besiboli ya Marekani, huandika humo ni timu ipi nadhani itaishinda ipi, naamini hivyo kwa kadiri gani, na kwa sababu gani. Kisha hutia tarehe na sahihi, kama mtu anayeandika hati ya kuuza shamba. Nataka kukusimulia jinsi daftari hili lilivyoanza, maana halikuanza kwa heri.

Huenda ukauliza mwalimu wa pwani ya Kenya ana lipi na besiboli. Swali lako ni la haki. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikaa chumba kimoja na kijana aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Tulipohitimu, mimi nilipelekwa shuleni kufundisha, na yeye alikwenda Canada akapata kazi ya kuwatunza wazee mjini Toronto. Wazee wale walikuwa na starehe moja kubwa ya jioni, nayo ni kuitazama timu ya mji wao, Toronto Blue Jays. Rafiki yangu aliketi nao kwa wajibu, akaendelea kuketi kwa hiari, na mwisho akawa mgonjwa wa mchezo ule kuliko wazee wenyewe. Ugonjwa huo aliniambukiza kwa simu. Mechi ianzayo saa mbili za usiku Toronto mwezi wa Oktoba, huku kwetu ni saa tisa za usiku, jogoo wa kwanza hajawika. Nimezoea kukaa kitandani nimejifunika shuka kichwani, mwanga wa simu usije ukamwamsha mtu.

Mchezo wenyewe nitakueleza kwa maneno machache, yatoshe kwa safari yetu. Timu mbili za watu tisa tisa hupeana zamu ya kupiga, na kila timu ina zamu tisa. Mrushaji husimama kama mita 18 na nusu mbele ya mpigaji, akamtupia mpira mgumu kwa nguvu na hila. Mpigaji akiupiga vyema kwa gongo lake hukimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi nyumbani alikoanzia, na kila arudiye nyumbani huipa timu yake mkimbio mmoja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji hurudi nyumbani kwa kutembea akipenda, pamoja na wenzake wote waliokuwa wakingoja katika vituo. Basi.

Timu ni 30, nusu yao katika American League na nusu katika National League. Kila timu hucheza mechi 162 toka masika ya kwao hata mwisho wa Septemba. Tangu mwaka wa 2022 timu 12 ndizo zinazoingia katika mchujo, sita kwa kila ligi. Raundi ya kwanza mshindi ni yule atanguliaye kushinda mechi 2; raundi ya pili, mechi 3; ya tatu na ya mwisho, mechi 4. Timu mbili zinazopangwa juu kabisa katika kila ligi hupumzika raundi ya kwanza. Mfululizo wa mwisho, unaowakutanisha mabingwa wa ligi hizo mbili, huitwa World Series.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa akikaa katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na makuti, kama ujuavyo ukiwa mtoto wa pwani, hayana urafiki wa kudumu na mvua. Nilimwahidi kuwa nitamwezekea mabati. Kwa muda wa miezi minane niliweka akiba kidogo kidogo kutoka katika mshahara wangu hata nikapata shilingi 24,000. Hazikutosha kwa kazi yote, lakini zilikaribia.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka wa 2022. Los Angeles Dodgers walikuwa wameshinda mechi 111 katika msimu na kushindwa 51 tu. Katika raundi ya pili walipangiwa San Diego Padres, walioshinda 89. Si hayo tu. Timu hizi mbili zilikuwa zimekutana mara 19 mwaka huohuo, na Los Angeles walishinda mara 14. Nilizitazama tarakimu hizo nikaziona kama hukumu iliyokwisha kuandikwa, imebaki kusomwa tu. Nikajiambia kuwa anayezikataa tarakimu kama hizi hakupita shule. Nikaichukua simu yangu, nikafungua mlango wa kampuni moja ya kamari, na zile shilingi 24,000 zote nikaziweka juu ya Los Angeles. Faida niliyoahidiwa ilikuwa ndogo, kwa sababu hata wenye kamari waliwaona Los Angeles kuwa ndio wenye nguvu. Lakini nilikwisha kuipigia hesabu: ingenunua mbao na misumari.

Los Angeles walishinda mechi ya kwanza, mikimbio 5 kwa 3. Nikalala usingizi wa tajiri. San Diego wakashinda ya pili, wakashinda na ya tatu. Mechi ya nne ilichezwa San Diego usiku wa Jumamosi, ambao kwetu ulikuwa asubuhi ya Jumapili tarehe 16 Oktoba. Nilikuwa nimekwenda kumtazama Mama. Nikaketi chini ya mwembe na simu mkononi, naye akipepeta mchele mbele yangu. Los Angeles walitangulia kwa mikimbio 3 kwa 0, nami nikaanza kumweleza Mama rangi za mabati zipatikanazo dukani. Ikafika zamu ya saba. Katika zamu hiyo moja San Diego walipata mikimbio 5. Mechi ilikwisha 5 kwa 3, na mfululizo ukaisha pamoja nayo.

Mama aliniuliza, “Mbona umenyamaza? Ulikuwa wasema kuhusu rangi.”

Nilimwambia kuwa dukani mabati yamekwisha, tungoje. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Uongo, kama kuku, haukai peke yake; katika miezi iliyofuata ulitaga mayai mengi. Masika ya mwaka wa 2023 yalipofika nilimkuta Mama amepanga sufuria tatu na ndoo moja sakafuni, kila chombo chini ya tundu lake, na kitanda amekisukuma mpaka mlangoni. Hapo sikuweza tena. Nikamweleza yote. Alisikiliza hata mwisho bila kunikatiza, akaimwaga nje ndoo iliyojaa, akairudisha mahali pake.

“Huo mchezo wenyewe wachezwa wapi?” akauliza.

“Marekani, Mama.”

“Na mvua yanyesha hapa,” akasema.

Hakusema neno jingine siku ile. Ningalipenda anigombeze.

Sitaki udhani kuwa nimekuita hapa nikuhubirie juu ya kamari. Kwamba nilifanya upumbavu, hilo halihitaji mwalimu kulieleza. Lakini nilipokuwa nikirudi shuleni ndani ya matatu swali jingine lilinikaa moyoni, nalo ni hili: je, kosa langu lilikuwa la tamaa tu, au hata akili yangu ilikosa? Kwa maana tarakimu zile zilikuwa za kweli. Mia na kumi na moja ilikuwa mia na kumi na moja. Iweje ukweli unidanganye?

Nilimpigia simu rafiki yangu wa Toronto. Alicheka kwanza, kisha alipojua habari ya mabati aliacha kucheka. Akaniambia nichukue kalamu. “Tuseme,” akasema, “timu yako ni bora kweli, hata katika kila mechi 100 dhidi ya mpinzani huyu itashinda 55. Katika besiboli, baina ya timu mbili zilizofika mchujo, huo ni ubora mkubwa. Sasa nitafutie: itashinda mfululizo wa mechi tano mara ngapi katika mia?”

Nilikaa juu ya hesabu hiyo usiku kucha, na wewe ukipenda waweza kuijaribu katika somo lako la uwezekano. Jibu ni 59. Mfululizo wa mechi saba humpa 61, na ule wa mechi tatu 57. Tazama basi. Ubora ule wote, ukipimwa kwa mechi tano, hauongezi ila kidogo tu juu ya kurusha sarafu. Tena timu iliyopumzika raundi ya kwanza yahitaji kushinda mifululizo mitatu mmoja baada ya mwingine. Zidisha 59 kwa mia mara 61 kwa mia mara 61 kwa mia: utapata kama 22 kwa mia. Maana yake, timu iliyo bora kuliko kila mpinzani itakayekutana naye, bora kwa haki na kwa kweli, hurudi nyumbani mikono mitupu karibu mara nne katika kila tano.

Msimu wa mechi 162 ni mrefu wa kutosha kwa bahati kuchoka. Timu bora kuliko zote kwa kawaida hushindwa kama mara 50 au zaidi, na timu hafifu kwa kawaida hushinda kama mara 50 au zaidi. Tofauti yao haionekani kwa siku moja wala kwa juma moja, huonekana kwa miezi. Mchujo huichukua tofauti hiyo iliyojengwa kwa miezi sita ukaijaribu kwa siku saba. Sisi walimu tunayajua haya, ingawa hatupendi kuyasema. Nimewahi kumwona mwanafunzi aliyeongoza darasa miaka minne akaamka na homa asubuhi ya mtihani.

Rafiki yangu alinitumia historia, nami nikaisoma kama mtu asomaye barua za jamaa zake. Mwaka wa 1906 Chicago Cubs walishinda mechi 116, kisha wakashindwa na White Sox wa mji huohuo wa Chicago katika mechi sita. Mwaka wa 1954 Cleveland walishinda 111, New York Giants wakawafunga mechi nne mfululizo. Mwaka wa 2001 Seattle Mariners walifikia 116 za wale Cubs wa kale, wala hawakufika World Series. Na mwaka wa 2006 St. Louis Cardinals, walioshinda mechi 83 tu, ndio waliotwaa taji. Usije ukadhani kuwa wenye nguvu hawashindi kamwe. New York Yankees wa mwaka wa 1998 walishinda 114 na taji wakalichukua. Lakini mtu aliyekuwa na habari hizi kichwani asingaliweza kuuza bati hata moja kwa ajili ya Los Angeles.

Ndipo nilipolinunua daftari. Nilijiwekea sharti tatu. La kwanza, hakuna fedha. La pili, kila ubashiri uandikwe kabla ya mpira kurushwa, kwa wino, maana kumbukumbu ni shahidi wa kupangwa: baada ya mechi kila mtu “alijua tangu mwanzo”. La tatu, nisiandike “watashinda”, bali niandike tarakimu: 55, 60, 52. Sharti hili la tatu ndilo lililokuwa gumu. Mtu hupenda kusema “watashinda”. Neno hilo ni tamu kinywani. Ukilazimika kusema 55 unakiri palepale kuwa 45 ipo, na imekukodolea macho.

Ukurasa wa kwanza ni wa Oktoba 2023, na ulinipiga kofi. Mwaka huo timu tatu zilishinda mechi mia moja au zaidi: Atlanta 104, Baltimore 101, Los Angeles 100. Nilizipa zote tatu ushindi wa raundi ya pili. Zote tatu zilitolewa katika raundi hiyohiyo. Baltimore na Los Angeles hawakushinda hata mechi moja; Atlanta walishinda moja. World Series ikawa baina ya Texas Rangers walioshinda 90 na Arizona Diamondbacks walioshinda 84, na Texas wakalitwaa taji lao la kwanza tangu kuanzishwa. Mechi 11 walizozicheza katika viwanja vya wageni wakati wa mchujo ule walizishinda zote. Lakini safari hii nilipokwisha kuona haya nililiangalia daftari nikakuta kuwa Baltimore nimewapa 56, si mia. Makosa matatu ya 56 au 58 si aibu. Na Mama hakupoteza hata msumari.

Huenda sasa ukasema, ikiwa bahati ina nguvu hivyo, mbona mtu asumbuke kuchungua? Arushe sarafu akalale. Hapana. Baina ya sarafu na uhakika kuna uwanja mdogo wa kujua, na katika uwanja huo ndimo mbashiri hulima. Nitakuonyesha jinsi ninavyolima.

Kwanza huwatazama warushaji. Katika msimu timu huwatumia warushaji wa kuanza watano kwa zamu, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kurusha kila siku. Katika mchujo kuna siku za mapumziko baina ya mechi, kwa hiyo watatu au wanne hutosha. Basi timu yenye warushaji wawili wa ajabu na watatu wa kawaida huwa mnyama mwingine ifikapo Oktoba: wale wa kawaida hufichwa, wale wa ajabu huonekana mara kwa mara. Arizona ya mwaka wa 2001 ilikuwa hivyo. Randy Johnson na Curt Schilling waliibeba mabegani, Johnson peke yake akashinda mechi tatu kati ya nne zilizohitajika, na Yankees waliotwaa taji miaka mitatu mfululizo wakaanguka. Kwa sababu hiyo siulizi tena, “Timu hii imeshinda mechi ngapi?” kabla sijauliza, “Nani atarusha, siku gani, na amepumzika siku ngapi?”

Halafu hutazama warushaji wa akiba, wale waingiao mechi ikiwa nusu. Hutazama mikono: mrushaji wa mkono wa kushoto humsumbua zaidi mpigaji wa kushoto, na kocha mwerevu huupanga mfululizo mzima kwa kufuata jambo hilo. Hutazama majeraha. Uwanja wa nyumbani huupa uzito mdogo tu. Mwaka wa 2019 Washington na Houston walicheza mechi saba za World Series, na katika zote saba aliyeshinda ni mgeni. Kuhusu mapumziko ya raundi ya kwanza watu hubishana kama huwafaa wachezaji au huwaduwaza, nami mabishano hayo huyaacha yapite.

Lakini ninalolichungua kwa makini kuliko yote ni tarehe ya ushahidi. Hili nililinunua kwa shilingi 24,000, kwa hiyo nalithamini. Oktoba ya mwaka wa 2025 Milwaukee Brewers, walioshinda mechi 97 kuliko timu nyingine yoyote mwaka huo, walipangiwa Los Angeles katika raundi ya tatu. Katika msimu walikuwa wamekutana mara sita, na Milwaukee walishinda zote sita. Mimi wa mwaka wa 2022 ningaliruka kitandani. Mimi wa daftari niliuliza: mara hizo sita zilikuwa lini? Zilikuwa Julai. Na Julai, Los Angeles walikuwa na nani wa kurusha? Blake Snell alikuwa bado yu majeruhi, na Shohei Ohtani alikuwa ndiyo kwanza anarudi kurusha kidogo kidogo baada ya upasuaji. Timu iliyofungwa mara sita Julai haikuwa timu iliyoingia uwanjani Oktoba, ingawa jina na sare ni vilevile. Nikaandika: Los Angeles 57.

Walishinda mechi nne mfululizo. Milwaukee walipata mkimbio mmoja katika kila mechi, wanne kwa jumla. Katika mechi ya mwisho Ohtani aliivusha ukuta mipira mitatu kama mpigaji, na kama mrushaji akawatoa wapigaji kumi bila kumruhusu mtu kurudi nyumbani. Nilifurahi, sitaficha. Hata hivyo niliandika pembeni, kwa wino uleule, kuwa 57 ingaliweza pia kushindwa, na kuwa kushinda hakukuifanya iwe 100.

Kisha ikaja World Series, Los Angeles na Toronto. Rafiki yangu hakulala. Timu yake haikuwa imefika hapo tangu mwaka wa 1993, alipokuwa yeye bado kubebwa mgongoni. Nilimwandikia: Los Angeles 55, kwa sababu ya warushaji. Akanijibu kuwa nimesaliti urafiki wetu. Toronto wakashinda mechi ya kwanza 11 kwa 4. Mechi ya tatu ilikwenda zamu 18, mara mbili ya mechi ya kawaida. Nilikwenda shuleni, nikafundisha kipindi cha kwanza huku simu ikitetemeka mfukoni. Los Angeles walishinda ile, lakini Toronto wakazichukua ya nne na ya tano. Sasa Toronto walikuwa na tatu, Los Angeles mbili, na mechi mbili zilizobaki zote zilikuwa Toronto. Hesabu yake ni nyepesi: ikiwa kila mechi ni nusu kwa nusu, Los Angeles sharti washinde zote mbili, yaani nusu ya nusu. Nikafungua daftari nikaandika: Toronto 75. Rafiki yangu alinisamehe.

Ya sita wakashinda Los Angeles, 3 kwa 1. Ya saba ilikuwa usiku wa tarehe 1 Novemba kwao, alfajiri ya Jumapili kwetu. Nilikuwa kwa Mama. Juu yetu palikuwa na mabati, maana Agosti ya mwaka wa 2024 nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo nikaezeka, na deni ninalilipa mpaka leo. Nilikaa sebuleni, shuka kichwani.

Toronto walitangulia 3 kwa 0. Zamu ya tisa ilipoanza walikuwa wakiongoza 4 kwa 3, wakabakiwa na kazi ya kuwatoa wapigaji wawili tu wawe mabingwa. Akaja Miguel Rojas, mtu asiyeogopwa kwa mapigo marefu, akauvusha mpira ukuta. Nne kwa nne. Toronto wakaja kupiga nao, wakajaza vituo vyote vitatu, ametolewa mmoja tu. Mpira ukapigwa chini, huyohuyo Rojas akaudaka huku akiyumba, akautupa nyumbani, na mkimbiaji wa Toronto akatolewa kwa upungufu wa hatua isiyofika moja. Mpira uliofuata ulipaa mbali mpaka ukutani. Andy Pages alikimbia, akamgonga mwenzake, mpira mkononi. Katika zamu ya 11 Will Smith akaivusha Los Angeles mbele, na Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa amerusha zamu sita jana yake, akaja kurusha tena na kuimaliza mechi. Los Angeles 5, Toronto 4. Ukijumlisha mechi zote saba, Toronto walipata mikimbio 34 na Los Angeles 26.

Rafiki yangu alipiga simu, hakusema kitu. Nilisikia tu pumzi yake na, nyuma yake, sauti ya mzee mmoja aliyeketishwa hata usiku ule akiuliza kama kweli yamekwisha. Kisha simu ikakatika.

Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Mama alitoka chumbani na kanga yake begani, akanikuta na daftari magotini.

“Nani ameshinda?” akauliza. Siku hizi huuliza.

“Los Angeles.”

“Nawe ulisema nani?”

“Nilisema Toronto, Mama. Robo tatu.”

Akafikiri kidogo. “Na ile robo?”

“Robo ndiyo iliyotokea.”

Alinyamaza, akanitazama mkononi, akalitazama daftari, akaitazama simu iliyolala juu ya mkeka. Nilijua anataka kuuliza nini.

“Sikuweka kitu, Mama,” nikasema.

“Haya,” akasema, “njoo uniwashie moto, chai haijachemka.” Nikatia tarehe chini ya ukurasa, nikaweka sahihi, nikamfuata jikoni.